Pikipiki ya Parokia: Kiti Kimoja au Viwili?



Wapendwa wasomaji wa tafakari yetu ya kila juma, safari hii tunaomba mtuvumilie tukizungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la gereji kuliko la kanisani. Halmashauri ya Walei ya parokia yetu, hapa Jimbo Kuu la Songea, imekamilisha mchango wa kununua pikipiki mpya kwa ajili ya huduma ya vigangoni. Fedha hizo zimetoka katika magunia ya mahindi ya jumuiya ndogo ndogo, katika harambee ya WAWATA, na katika sadaka za watu ambao wengi wao hawatamiliki pikipiki yao wenyewe maishani. Kwa hiyo swali la pikipiki ipi inunuliwe si swali dogo, wala si la Padre peke yake.

Maneno yalikuwa mengi, lakini yalipochujwa lilibaki swali moja: tununue pikipiki ya mpandaji mmoja, yenye keria kubwa ya mizigo, au tununue yenye kiti kirefu cha watu wawili? Mazungumzo yalichukua vikao viwili. Tumeona vema kuwashirikisha, maana zipo parokia nyingine, na familia nyingi pia, zinazojiuliza swali hilohilo.

AINA ZILIZOWEKWA MEZANI

Wenye umri kama wetu na kuzidi wanaikumbuka Yamaha AG 100. Herufi hizo mbili zimetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kilimo, kwa sababu pikipiki hiyo iliundwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa nchi kama Australia na New Zealand. Ina keria mbele na nyuma. Mnyororo wake umefunikwa wote, tope na vumbi visiuguse. Ina stendi pande zote mbili, ili iweze kusimama hata penye mteremko. Mabwana shamba, wahudumu wa afya na mapadre wengi waliitumia katika nchi zetu. Kiti chake cha kawaida ni kifupi, cha mtu mmoja, na nyuma yake ni chuma cha keria. Umbo lake lote linasema: mtu mmoja na mzigo wake.

Zipo pia pikipiki za jamii ya Honda XL 125 na Yamaha DT 125, ambazo nazo zimelala katika magereji mengi ya misheni. Hizi ni ndefu kwa kimo, madigadi yake ya mbele imeinuliwa ili tope lisikwame juu ya tairi, na kiti chake ni kirefu, kinachotosha watu wawili.

Na ipo Boxer ya kampuni ya Bajaj ya India, ambayo haihitaji kutambulishwa kwa mkazi yeyote wa Songea. Hupatikana ya cc 100, ya cc 125 na ya cc 150. Ina kiti kirefu, vikanyagio vya abiria na keria ndogo mkiani. Spea zake hupatikana Majengo na Lizaboni, na hata katika vijiji vingi ambako hakuna duka la dawa hukosi fundi anayeweza kuifungua na kuifunga.

Msidhani kwamba swali hili ni la maskini peke yao. Honda ilipoiunda upya pikipiki yake kubwa ya safari ndefu, Gold Wing, katika toleo la mwaka 2018, iliipa injini moja ya silinda sita, yenye ujazo wa cc 1833, lakini ikaiuza katika sura mbili. Ya kwanza haina sanduku la nyuma, nayo humfaa zaidi mtu anayesafiri peke yake. Ya pili, iitwayo Tour, ina sanduku kubwa la nyuma na egemeo la mgongo kwa ajili ya anayekaa nyuma. Mnunuzi wa huko, mwenye fedha za kutosha nyumba, anaulizwa swali lilelile tuliloulizana chini ya bati la ukumbi wetu: je, unakusudia kusafiri na nani?

HOJA ZA KITI KIMOJA

Mtunza hazina wetu, mzee mwenye busara, alisimama upande wa kiti kimoja, na hoja zake zilikuwa nzito.

Kwanza alisema juu ya barabara. Ni kweli kwamba tuna lami ya kwenda Njombe, ya kwenda Mbinga, na ya kwenda Namtumbo na Tunduru. Lakini vigango havikujengwa kando ya lami. Ukiiacha barabara kuu unaingia katika udongo mwekundu, ambao kuanzia Desemba hadi Aprili hugeuka kuwa kama sabuni. Uzito wa abiria hulala juu ya gurudumu la nyuma. Gurudumu la mbele hubaki jepesi, na usukani hupoteza sehemu ya utii wake hasa pale penye tope na kilima. Breki nazo huhitaji umbali mrefu zaidi ili kuusimamisha uzito mkubwa zaidi. Anayejua kuendesha peke yake hajawa bado anajua kuendesha akiwa na mwenzake.

Pili alisema juu ya mizigo. Padre anakwenda kigangoni na begi la Misa: kalisi, patena, hostia, divai, vitabu, mavazi ya ibada. Akirudi anarudi na zawadi za waamini, nanyi mnajua kwamba zawadi za vijijini haziingii mfukoni. Palipo na abiria, mzigo huo utakaa wapi?

Tatu, kwa sauti ya chini kidogo, alisema juu ya midomo ya watu. Padre akionekana barabarani na mtu nyuma yake, kila kijiji kitakuwa na maelezo yake. Kiti kimoja humwondolea Padre maelezo.

Tungependa kuiongezea orodha hiyo hoja ya nne, ambayo hakuna aliyeitamka. Kiti kimoja ni kitulizo. Saa moja ya njia kati ya kigango na kigango ni saa ambayo hakuna anayeuliza cheti cha ubatizo wala anayeleta kesi ya ndoa. Wapo wanaodhani kwamba mapadre hutamani vitu vikubwa. Mara nyingi hutamani saa moja ya kimya. Pikipiki isiyo na nafasi ya pili huilinda saa hiyo bila ya mwenye pikipiki kulazimika kumkatalia mtu yeyote. Chuma chenyewe humkatalia kwa niaba yake.

HOJA ZA KITI CHA NYUMA

Aliyejibu alikuwa Katekista. Hakubishana na hata moja ya hoja hizo. Alieleza tu jinsi siku ya huduma ya wagonjwa inavyokwenda. Padre hazijui nyumba za wagonjwa. Anayezijua ni Katekista. Padre akipanda pikipiki ya kiti kimoja, sharti Katekista atangulie kwa miguu alfajiri, apite vichochoroni kwenye migomba na mihogo, kisha asubiri njia panda. Wakimaliza nyumba ya kwanza, Padre hulazimika kuikokota pikipiki kwa mwendo wa Katekista, au Katekista akimbie nyuma ya moshi. Wagonjwa ambao wangeweza kufikiwa kwa asubuhi moja huchukua siku nzima, na wa mwisho katika orodha husubiri hadi juma linalofuata. Wagonjwa wengine hawana juma linalofuata.

Ndipo mama mmoja wa WAWATA, aliyekuwa amenyamaza tangu kikao cha kwanza, akasema: "Baba Paroko, pikipiki ya kiti kimoja ikitupita njiani, hatuwezi hata kuinyoshea mkono." Ukumbi ulinyamaza.

Maneno hayo yalitukumbusha historia ambayo waamini wengi hawaijui, ingawa imegusa misheni nyingi za Afrika. Mwaka 1925, katika nchi ambayo leo ni Namibia, mmisionari Mjerumani Otto Fuhrmann aliugua mbali na hospitali, naye akafa kwa kukosa chombo cha kumfikisha kwa daktari kwa wakati. Rafiki yake, Padre Paul Schulte wa Shirika la Waoblati, aliyekuwa rubani katika Vita Kuu ya Kwanza, hakuridhika na kulia tu. Mwaka 1927 alianzisha nchini Ujerumani chama cha kuzipatia misheni vyombo vya usafiri, kinachojulikana kwa jina la MIVA. Mwaka 1949 kikaanzishwa chama cha namna hiyo Austria. Huko, kila mwezi Julai, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, madereva Wakatoliki huombwa kutoa sehemu ya kumi ya senti moja ya euro kwa kila kilomita waliyosafiri bila ajali. Senti hizo zimegeuka kuwa magari, baiskeli na pikipiki katika nchi nyingi za Kusini mwa dunia.

Tuitazame vema historia hiyo. Mara nyingi tunasema kwamba pikipiki za misheni zililetwa ili mmisionari awafikie watu. Ni kweli. Lakini wazo lenyewe lilizaliwa kwa sababu ya mgonjwa ambaye hakuwa na pa kupakiwa. Kabla hajafikiriwa dereva, alifikiriwa abiria. Hata Mtakatifu Kristofa, ambaye picha yake hubandikwa na madereva wengi, mapokeo hayamsifu kwa mwendo wake. Yanamsifu kwa kuwa aliwabeba watu mabegani kuwavusha mto, na usiku mmoja akambeba mtoto ambaye uzito wake ulimshinda, kumbe ni Kristo mwenyewe. Jina lake maana yake ni mbeba Kristo.

MAANDIKO YANATUSAIDIAJE?

Mtu mwenye haraka atasema kwamba basi jibu limepatikana: kiti kirefu. Lakini Maandiko hayatupi jibu la haraka. Msamaria mwema wa Injili ya Luka alikuwa na mnyama mmoja. Alimpandisha aliyejeruhiwa juu ya mnyama wake. Mwinjili hasemi kwamba wote wawili walipanda, na wengi wetu tunamwona katika fikra Msamaria akitembea kando. Chombo chake kilikuwa, kwa lugha yetu ya leo, cha kiti kimoja, naye alikitoa kiti chenyewe.

Katika Matendo ya Mitume tunakutana na Mwethiopia, mtunza hazina wa malkia wake, aliye katika gari la kukokotwa akisoma bila kuelewa. Filipo anatembea kwa miguu kando ya njia. Mwethiopia anamwomba apande, aketi pamoja naye. Mazungumzo ya kiti hicho yanafika hadi kwenye maji ya ubatizo. Hapa nafasi ya pili iliyokuwa tupu ndiyo iliyofungua mlango, na tuone kwamba mwenye chombo ndiye aliyefundishwa na mpita njia, wala siyo kinyume chake.

Tukiyaweka masimulizi hayo mawili pamoja, tunaona kwamba idadi ya viti si kipimo cha upendo. Mwenye kiti kimoja aweza kukitoa, na mwenye viti viwili aweza kuupitisha uwazi wake mbele ya macho ya wahitaji kutoka Songea hadi Mbamba Bay. Hata hivyo, chombo chenye nafasi ya pili kina fadhila moja: hukuuliza. Kila unapompita mtu njiani, kiti kilicho wazi nyuma yako kinakuuliza, nawe huna budi kujibu ndiyo au hapana wewe mwenyewe, wala huwezi kulisukumia jibu hilo kwa kiwanda.

Vijana wetu wa bodaboda wanalijua hilo kuliko sisi. Kazi yao ilianza miaka ya 1960 huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, pale waendesha baiskeli walipoweka kijikiti laini juu ya keria na kuanza kupakia watu. Chombo kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kipande kidogo cha nyuma, na kutoka hapo mamilioni ya familia katika Afrika Mashariki zimepata ugali wao.

UPENDO UNA SHERIA ZAKE

Lakini, ndugu wapendwa, kumpakia mtu bila kumlinda si upendo. Hapa tulimrudia mtunza hazina wetu, maana hoja zake hazikufa. Zilibadilika kuwa masharti.

Kitabu cha mwongozo cha pikipiki nyingi huandika vipimo viwili vya upepo wa tairi la nyuma: kimoja cha mtu mmoja, kingine cha watu wawili, nacho ni kikubwa zaidi. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuusoma ukurasa huo? Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi nazo zina pete yenye ngazi, ambayo fundi huizungusha ili springi ikaze kabla ya kubeba abiria. Kiti kirefu kinampokea abiria kwa macho tu. Upepo, springi, breki na mnyororo uliokazwa ndivyo vinavyompokea kwa kweli.

Tena ipo kofia ngumu. Uchambuzi wa kitaalamu uliokusanya tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, kwa wapanda pikipiki wanaopata ajali. Takwimu hizo hazisemi kwamba kichwa cha dereva ni bora kuliko cha abiria. Ni jambo la kusikitisha kuona dereva amevaa kofia nzuri, na mama aliye nyuma yake amevaa kitenge. Kanuni za mwaka 2010 za pikipiki na bajaji za biashara zilitaka abiria naye avae kofia, na zilikataza kumpakia mtoto wa chini ya miaka tisa. Pikipiki ya parokia si ya biashara, lakini mifupa ya mtoto haiulizi kama safari ni ya biashara au ya Kanisa. Mishikaki, yaani abiria wawili au watatu nyuma ya dereva mmoja, haitakubaliwa, hata kama wote wanatoka Misani.

Pia tukubali kwamba pikipiki si gari la wagonjwa. Mama mwenye uchungu, au mgonjwa asiyeweza kujishikilia, asipandishwe nyuma ya mtu kwa jina la huruma. Kwa akina mama wajawazito na watoto wachanga wenye dharura upo mpango wa m-mama, ambao hupigiwa simu bila malipo kwa namba 115, nao hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jirani aliyesajiliwa. Tunaomba kila kiongozi wa jumuiya aiandike namba hiyo mlangoni. Kuijua namba hiyo ni sehemu ya huduma sawa na kuwa na kiti.

TULIVYOAMUA

Fedha zilizochangwa zilituwezesha kufanya moja kati ya mambo mawili. La kwanza lilikuwa kununua Boxer ya cc 150, yenye nguvu za kutosha kwa vilima vyetu, pamoja na kofia moja ya kawaida. La pili lilikuwa kununua ya cc 125, pamoja na kofia mbili nzuri za ubora uleule, makoti mawili ya mvua, mifuko miwili ya pembeni ili begi la Misa lisigombee kiti na mtu, na akiba kidogo ya matairi na breki. Vijana wa VIWAWA walipenda injini kubwa, nasi hatuwalaumu. Lakini Halmashauri ilichagua la pili, na sisi tumeridhika nalo kwa moyo wote. Pikipiki hiyo itapanda vilima polepole, kwa gia ndogo, na Padre atafika akiwa amechelewa kidogo. Ila atafika na Katekista.

Kuhusu midomo ya watu, Halmashauri iliamua kwamba kazi ya kwanza ya kiti cha nyuma ni Katekista na wahudumu wa wagonjwa, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Nje ya hapo, anayekutwa njiani katika shida ya kweli atasaidiwa mchana kweupe na mbele ya watu. Tendo lililo wazi halihitaji mtetezi. Na ile saa ya kimya tuliyoitaja? Tutaitafuta kwa magoti, mbele ya Tabernakulo, mahali pake hasa.

Wapendwa, kila mmoja wetu ana chombo chake cha safari: nyumba, shamba, duka, kazi, elimu. Wakati wa kukinunua au kukijenga huwa tunauliza nguvu zake, bei yake na sura yake. Tujizoeze kuuliza pia: nyuma yangu atakaa nani, nami nimemwandalia nini? Anayejenga nyumba afikirie chumba cha mama yake mzee kabla ya kufikiria rangi ya geti. Anayefungua duka afikirie kijana mmoja wa jirani atakayejifunza kazi. Wala asisahau kumpa kofia nzuri kama yake mwenyewe.

Pikipiki itabarikiwa Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Madereva wote wa bodaboda wa eneo letu, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, wanakaribishwa na vyombo vyao. Tunawaomba jambo moja tu: kila mmoja aje na kofia mbili.

Mungu awabariki, na awalinde njiani ninyi na wale mnaowabeba.

Paroko wenu